Kivuli cha Mwezi Juu ya Mbuga

Kupatwa kwa jua hutokea pale mwezi unapopita katikati ya dunia na jua, kivuli chake kikaangukia ardhi. Jambo hilo hutokea mara mbili hadi tano kila mwaka mahali fulani duniani, lakini wengi wanaoliona huona jua likimegwa upande mmoja tu. Kupatwa kikamilifu, jua likafunikwa lote na nyota zikatokeza mchana, huja wastani wa mara moja kila miezi 18, tena ndani ya ukanda mwembamba ambao kwa kawaida upana wake hauzidi kilomita 250. Mji ukikaa kungoja ukanda huo uufuate ulipo, utangoja kwa wastani miaka 375 hivi. Kwa hiyo wapo watu wasiongoja. Wao hukifuata kivuli popote kinapokwenda, na kwa kuwa kimepita mara nyingi juu ya mashariki na kusini mwa Afrika, wamejifunza kuunganisha mambo mawili katika safari moja: jua na wanyamapori.

Kiswahili kinalitaja tukio hili kwa kitenzi cha kutendwa. Jua halijifichi wala halizimi. Jua limepatwa, kama mtu aliyepatwa na msiba au ugonjwa. Kilicholipata jua ni ulingano wa vipimo usio wa kawaida. Upana wa jua ni kama mara 400 ya upana wa mwezi, na umbali wake kutoka duniani nao ni kama mara 400 ya umbali wa mwezi, hivyo kwa macho ya aliye ardhini vyote viwili vinaonekana kulingana. Lakini mwezi hauizunguki dunia kwa duara kamili. Unapokuwa karibu, hulifunika jua lote. Unapokuwa mbali kidogo hubakiza ukingo wa mwanga pande zote, na huko ndiko kupatwa kipete, ambako magazeti hupenda kukuita pete ya moto. Mara chache sana ncha ya kivuli huigusa dunia kwa shida, ikawa kipete mwanzoni mwa njia na kikamilifu mbele yake, kwa sababu ya mbinuko wa dunia yenyewe. Huko huitwa kupatwa mseto.

Tofauti hizo si za vitabuni tu, kwa maana ndizo zinazoamua msafiri ataona nini. Jua likifunikwa kwa asilimia 97 bado ni mchana: mwanga unafifia, hewa inapoa kidogo, na asiye na habari anaweza kuendelea na kazi zake. Likifunikwa lote, mbingu hugeuka rangi ya usiku unaoingia, wekundu wa machweo huzunguka upeo wote, na korona, yaani ule ukungu mweupe wa moto uliolizunguka jua, hutokeza kuuzunguka mwezi mweusi. Wanaotaka kuona wanyama wakibadili mwenendo wao huenda kutafuta giza hilo.

Afrika Mashariki ilianza kupokea wasafiri wa aina hii kwa wingi mwaka 1973. Tarehe 30 Juni mwaka huo kivuli kilitokea Amerika ya Kusini, kikavuka Atlantiki, kikapita Sahara na kuingia kaskazini mwa Kenya, juu ya ziwa ambalo wakati huo liliitwa Rudolf na sasa ni Turkana. Kilikuwa miongoni mwa vivuli vilivyodumu zaidi katika karne ya 20. Huko Niger giza lilifika dakika 7 na sekunde 4, wakati kikomo cha juu kinachowezekana ni dakika 7 na nusu hivi. Wanasayansi waliweka mitambo yao Loiyangalani, kwenye ufuko wa kusini mashariki wa ziwa, mahali palipokuwa mbali na barabara ya lami, na watalii wakawafuata. Siku hiyohiyo ndege ya Concorde iliruka juu ya Sahara kwa kasi maradufu ya sauti na kukaa ndani ya kivuli dakika 74. Ni rekodi ya ajabu, ingawa waliokuwa ndani yake hawakuona hata ngamia mmoja.

Mwaka huohuo wa 1973 Kenya ilianzisha Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi kwenye ufuko wa mashariki wa ziwa hilo, kulinda wanyama pamoja na mabaki ya kale ya Koobi Fora. Jina lake litarudi baadaye, na si kwa heri.

Tarehe 16 Februari 1980 kivuli kilirudi, safari hii kikitokea Angola na Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo. Kilikata Tanzania, kikapita Voi na nyika za Tsavo, kikaingia Bahari ya Hindi na kuelekea India. Jua lilifunikwa asubuhi likiwa limepanda juu, na giza likadumu karibu dakika nne. Februari huangukia kati ya vuli na masika, kwa hiyo nyika huwa kavu na anga aghalabu huwa wazi, na Tsavo tayari ilikuwa na nyumba za wageni, barabara, na reli inayopita kandokando yake. Msafiri aliyepanda treni Nairobi au Mombasa aliweza kuona tembo wekundu kwa vumbi siku moja na korona siku ya pili bila kutoka wilaya ile. Ni mara chache ukanda wa kivuli umewahi kuangukia mahali palipo tayari namna hiyo.

Safari iliyoacha kumbukumbu kubwa zaidi kwa upande wa wanyama, hata hivyo, ni ya bonde la Zambezi, tarehe 21 Juni 2001. Kivuli kiliingia Angola, kikapita Zambia na mji wake mkuu Lusaka, kikashuka kaskazini mwa Zimbabwe, Msumbiji, na kumalizikia Madagascar. Kiasi cha saa 9 alasiri kilikuwa juu ya Zambezi ya chini, ambako upande wa Zambia ipo Hifadhi ya Lower Zambezi na upande wa Zimbabwe ipo Mana Pools. Mana Pools iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1984. Inajulikana kwa kitu kimoja ambacho hifadhi nyingi za Afrika hazikiruhusu, nacho ni kutembea kwa miguu kati ya tembo na nyati. Juni ni kiangazi. Mabwawa ya ndani yanakauka, wanyama wanasogea mtoni, na anga haina wingu. Kwa mpangaji wa safari hakuna cha kuomba zaidi.

Mmoja wa waliokuwa Mana Pools ni Paul Murdin, mwanaastronomia wa Uingereza, ambaye baadaye aliandika katika jarida la kitaaluma kuhusu alichokiona kwa wanyama. Viboko ndio waliotoa habari. Kiboko hushinda majini au ukingoni mwa mto mchana kutwa, na jua likizama hutoka kwa mstari mmoja kwenda malishoni, ambako hula majani hadi karibu na alfajiri. Giza lilipoingia alasiri ile walianza safari yao ya jioni. Kabla hawajafika mbali jua likarudi, nao wakakatiza njiani, na kwa muda uliobaki wa siku hiyo walionekana hawajatulia. Ratiba ya kiboko, kumbe, haifuati saa ya mwilini peke yake; mwanga nao una kauli.

Uchunguzi wa namna hii haukuanzia Zambezi. Mwaka 1932 mtaalamu wa wadudu William Morton Wheeler na wenzake wa Boston waliwaomba wananchi wa kaskazini mashariki mwa Marekani waandike kila walichokiona kwa wanyama siku ya kupatwa kwa jua, wakapata maelezo karibu 500. Ndege walirudi viotani, nyenje wa usiku walianza kulia, nyuki wakarudi mizingani. Huko Mexico mwaka 1991 buibui wanaoishi kwa makundi walionekana wakibomoa tando zao giza lilipoingia, kama wafanyavyo kila jioni, kisha wengi wakaanza kuzisuka upya jua liliporudi. Mwaka 2017 watafiti waliotega vinasa sauti kwenye mashamba ya maua ya Marekani, kuanzia Oregon hadi Missouri, waligundua kwamba nyuki waliendelea kuruka hadi dakika ya mwisho ya mwanga, kisha wakanyamaza karibu wote kwa pamoja.

Wanyama wakubwa ni wagumu zaidi kusomeka. Siku hiyohiyo ya mwaka 2017 watafiti waliangalia aina 17 za wanyama katika bustani ya wanyama ya Columbia, South Carolina, na kama robo tatu kati yao walibadili mwenendo kwa namna fulani. Wengi walifanya yale ya jioni. Lakini twiga walikimbia bila sababu ya kuonekana, na heroe wakakusanyika wakiwazingira makinda wao. Ushahidi huo unahitaji kupimwa kwa tahadhari, maana bustani siku ile ilijaa maelfu ya watu waliopiga vigelegele na kelele giza lilipoingia, na ni vigumu kusema twiga alikimbia jua au alikimbia watu. Ubora wa mbuga uko hapohapo: katika nyika yenye gari moja na watu sita walionyamaza, kinachomshtua mnyama ni mbingu. Simba pengine ndiye atakayewavunja moyo waliotoka mbali. Hulala hadi saa 20 kwa siku, na dakika tatu za giza si lazima zimwamshe.

Anayetaka kuona mabadiliko hayo hana budi kujua yanavyokuja. Tangu mwezi unapoanza kulimega jua hadi kulifunika lote hupita zaidi ya saa moja, na nusu ya kwanza ya muda huo nyika haioneshi dalili yoyote. Jua likibaki robo, mwanga huwa wa kijivu na vivuli vya miti huwa vikali kama vilivyochorwa kwa wino. Chini ya mgunga, kila tundu baina ya majani hufanya kazi kama lenzi ndogo, na ardhi hutapakaa mamia ya jua dogo lenye umbo la mundu. Upepo hubadilika, joto hushuka, ndege wa mchana hunyamaza mmoja baada ya mwingine. Kwenye tambarare pana, aliye mahali pa juu anaweza kuona kivuli chenyewe kikija kutoka upande wa magharibi kama mvua isiyo na sauti. Karibu na ikweta hukimbia kwa kasi isiyopungua kilomita 1,700 kwa saa. Hapo ndipo wapigapicha wengi hukosea: wanahangaika na kamera zao, na giza likiisha hawajatazama jua kwa macho yao wala hawajasikia nyika ilivyonyamaza.

Kinachoweza kuiharibu safari nzima ni mawingu. Tarehe 4 Desemba 2002, chini ya miezi 18 baada ya Zambezi, kivuli kingine kilipita kusini mwa Afrika hadi kaskazini mwa Hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini. Desemba huko ni msimu wa mvua, na wengi waliosafiri kutoka ng'ambo hawakuona kitu zaidi ya wingu jeusi lililogeuka jeusi zaidi.

Kisha ikaja Sibiloi. Tarehe 3 Novemba 2013, siku ya Jumapili, kupatwa mseto kulianzia Atlantiki, kukapita Gabon na nchi mbili za Kongo, kukaingia kaskazini mwa Uganda na Kenya, na kuishia pembe ya Afrika jua likizama. Turkana ilipewa sekunde 15 hivi za giza. Watu walisafiri siku mbili kwa gari kutoka Nairobi kupitia Marsabit na jangwa la Chalbi, wengine wakaja kwa ndege ndogo, wakapiga kambi kwenye ufuko unaojulikana kwa mamba, punda milia wa Grevy, na ukame. Kwa sehemu kubwa ya mwaka mahali hapo pana jua kali hadi linachosha. Jioni ile, muda mfupi kabla ya giza, dhoruba ya mchanga na mvua ilipiga na kufunika anga. Waliokuja kukimbia mawingu walikutana nayo jangwani.

Upande wa Uganda bahati ilikuwa tofauti. Pakwach, mji mdogo ulio kwenye daraja la Nile Nyeupe, ulifurika watu. Kituo kikuu kilikuwa Shule ya Msingi ya Owiny, na Rais Yoweri Museveni naye alifika. Saa 11 na dakika 20 hivi jioni jua lilifunikwa kwa sekunde zisizofika nusu dakika, na umati uliliona. Pakwach pia ni lango la kaskazini la Hifadhi ya Murchison Falls, iliyo kubwa kuliko hifadhi zote za taifa za Uganda, ambako Nile hubanwa kwenye mwanya wa mwamba wenye upana wa mita saba hivi kabla ya kuporomoka zaidi ya mita 40. Mgeni aliyelala ng'ambo ya daraja alikuwa na twiga na tembo asubuhi, viboko na mamba kwa mashua mchana, na jua jioni. Aliyekwenda kwa ajili ya zile sekunde peke yake alilipia nauli kubwa kwa kitu kifupi mno, hata kama alikiona.

Hesabu ya safari za namna hii inaanzia hapo. Tarehe ya kupatwa kwa jua hujulikana karne kadhaa kabla. Hali ya hewa ya saa hiyo haijulikani hata wiki moja kabla. Kwa hiyo mpangaji mzuri hugeuza mpangilio: huchagua kwanza hifadhi ambayo ingestahili nauli hata bila kupatwa kwa jua, kisha huangalia kama ukanda unaigusa. Mbuga ndiyo dhamana ya fedha yake. Wingu likija, siku kumi nyingine za safari hazijapotea.

Msimu nao una neno. Katika sehemu kubwa ya mashariki na kusini mwa Afrika, Juni hadi Oktoba ni kiangazi. Majani huwa mafupi, wanyama hukusanyika kwenye maji yaliyobaki, na anga hukaa wazi wiki baada ya wiki. Kupatwa kwa jua kukiangukia miezi hiyo, mwangalizi wa nyota na mpenda wanyama wanapata haja zao mahali pamoja. Kukiangukia Novemba hadi Aprili, kila mmoja hupoteza kitu: mawingu juu, na chini wanyama wametawanyika kwa sababu kila korongo lina maji. Zaidi ya hayo, udongo mweusi wa mfinyanzi ukilowa hunasa hata gari lenye nguvu magurudumu yote manne, na hapo ndoto ya kukimbilia kwenye tundu la anga safi kilomita 30 mbele hufa.

Hata kwenye ukavu, kukimbiza anga ndani ya hifadhi si kazi rahisi. Katika hifadhi za taifa za Tanzania na Kenya gari haliruhusiwi kuacha barabara ovyo, abiria hawashuki isipokuwa sehemu zilizotengwa au wakiwa na askari wa hifadhi, na mageti hufungwa saa 12 jioni. Mambo hayo hupaswa kupangwa na uongozi wa hifadhi mapema: mahali pa kusimama penye uwazi upande jua lilipo, ruhusa ya kushuka, na askari mwenye silaha, kwa sababu kundi la watu lililoinua nyuso mbinguni kwa dakika nne ni kundi lisilojua nini kinatoka vichakani. Dereva pia anahitaji kuelezwa. Kuna waongoza watalii ambao baada ya miaka mingi kazini humtambua chui kwa mkia tu, lakini hawajawahi kuambiwa kwamba siku hiyo kisichopaswa kuhama mahali ni gari.

Tanzania ilionja biashara hii tarehe 1 Septemba 2016. Ilikuwa kupatwa kipete. Njia yake ilishuka kutoka Katavi, ikapita nyanda za juu kusini na kutokea Mtwara kuelekea Msumbiji na Madagascar. Rujewa, makao makuu ya wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, ndiko watu walikokusanyika. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambaye kwa miaka mingi amekuwa sauti ya elimu ya anga nchini, aliwaeleza wananchi mapema kitakachotokea na namna ya kukitazama. Kuelekea saa 6 mchana pete nyembamba ya jua ilikaa juu ya mashamba ya mpunga ya bonde la Usangu. Wengi hawakujua kwamba kitovu chenyewe, mahali ambapo pete ilidumu zaidi, dakika 3 na sekunde 6, kilikuwa ndani ya Tanzania pia, mbali zaidi kusini mashariki, upande wa Tunduru. Rujewa ilishinda kwa kuwa iko karibu na barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia. Barabara mara nyingi huwa na nguvu kuliko hesabu.

Rujewa ina kitu kingine ambacho hakikutumika vya kutosha. Bonde la Usangu linapakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, yenye karibu kilomita za mraba 20,000, miongoni mwa hifadhi kubwa kuliko zote nchini, na Septemba ndiyo kilele cha kiangazi chake: Mto Ruaha Mkuu umepungua, tembo wanachimba mchanga kutafuta maji, simba wanaotea kwenye kingo. Wageni wangeweza kuwekwa hifadhini wiki nzima na kuletwa Rujewa siku moja. Badala yake wengi waliingia asubuhi na kuondoka jioni, na fedha iliyobaki wilayani ilikuwa ya chakula cha mchana na soda.

Kuhusu macho, kanuni ni fupi na haina msamaha. Jua halitazamwi kwa macho makavu, isipokuwa katika dakika zile za giza kamili, na kupatwa kipete hakuna dakika hizo hata moja. Miwani maalumu yenye alama ya kiwango cha ISO 12312-2 inafaa, na kioo cha mchomelea vyuma namba 14 pia. Miwani ya kawaida ya jua, filamu ya eksirei, negativu za picha, kioo kilichopakwa masizi, na ndoo ya maji, ambavyo vyote vimetumika mitaani kwa miaka mingi, havizuii miale inayounguza retina, na retina haina mishipa ya maumivu. Mtu huungua asijue. Darubini ya kutazamia wanyama ndiyo hatari kubwa zaidi safarini, kwa kuwa kila mtu garini anayo shingoni. Asiye na miwani achukue chujio la jikoni, aligeuzie jua mgongo, na atazame picha zake zikianguka kwenye karatasi nyeupe.

Kwa miaka inayokuja, ratiba imeshaandikwa. Jumatatu, tarehe 2 Agosti 2027, kivuli kitavuka Gibraltar na kaskazini mwa Afrika, kipite Luxor nchini Misri kiasi cha saa 7 mchana na kuacha giza la zaidi ya dakika sita, kisha kivuke Bahari ya Shamu hadi Jeddah na Makka, Yemen, na ncha ya Somalia. Agosti huko mawingu ni nadra, ingawa joto la Luxor hupita nyuzi 40 bila shida. Huko Makka itasaliwa sala ya kupatwa kwa jua chini ya giza kamili, jambo ambalo Waswahili wengi walioko Hijazi na Ghuba wanaweza kulifikia kwa safari fupi. Afrika Mashariki itaona jua likimegwa kwa sehemu tu. Luxor haina mbuga, lakini Agosti nyumbu wako kaskazini mwa Serengeti na Maasai Mara wakivuka Mto Mara, na kutoka Cairo kuna ndege za moja kwa moja hadi Nairobi. Jua mwanzo, wanyama baadaye: huo ndio mpango bora zaidi wa muongo huu, na vitanda vyake vinajazwa miaka miwili au mitatu kabla.

Kivuli hicho cha 2027 si kigeni. Vivuli hurudi kwa ukoo, kila baada ya miaka 18, siku 11 na saa nane hivi. Zile saa nane hukisogeza kila kizazi theluthi moja ya mzunguko wa dunia kuelekea magharibi, kwa hiyo baada ya vizazi vitatu, yaani miaka 54 na mwezi mmoja, ukoo hurejea karibu pande zilezile za dunia, kwa njia tofauti kidogo. Kile cha Luxor ni kizazi cha tatu cha kile kilichopita Turkana tarehe 30 Juni 1973. Cha Turkana nacho kilitanguliwa na kile cha tarehe 29 Mei 1919, ambacho Arthur Eddington alikipiga picha katika kisiwa cha Príncipe kuthibitisha hoja ya Einstein kwamba mvuto wa jua hupinda mwanga wa nyota, na ambacho baada ya hapo kiliendelea hadi Ziwa Tanganyika. Kila mara ukoo huu unapanda kaskazini. Utakaporudi tena, tarehe 3 Septemba 2081, utapita Ulaya.

Tarehe 25 Novemba 2030 kivuli cha ukoo mwingine kitapita Namibia asubuhi, kikatishe Kalahari nchini Botswana, na kutokea baharini upande wa Durban. Novemba mvua zinaanza huko, na anayekumbuka Kruger ya 2002 atachagua upande wa magharibi, ulio mkavu zaidi. Kisha, Jumatano tarehe 21 Mei 2031, asubuhi, kupatwa kipete kutaanzia Angola, kupite Zambia na kusini mashariki mwa Kongo, na kukate Tanzania kabla ya kuvuka bahari kwenda India. Masika yatakuwa yanaisha, nyika ikiwa bado ya kijani. Jua litakuwa chini upande wa mashariki, kwa hiyo mahali pa kusimama ni pale pasipo na kilima wala mti mbele, na miwani haitavuliwa mwanzo hadi mwisho.